Je, Aliyechoka Bado Anadaiwa? Watengenezaji wa Michezo ya Sauti na Wateja Wao

Wahenga walisema ahadi ni deni. Walisema pia kwamba dawa ya deni ni kulipa. Methali hizi tumezisikia tangu utotoni, na mara nyingi tunazitumia kana kwamba zimemaliza mjadala. Insha hii inauliza jambo ambalo methali hizo haziligusi moja kwa moja: mtu aliyeahidi kwa nia njema, akafanya kazi mpaka nguvu zikamwishia, je, bado anadaiwa kile kile alichoahidi? Nitalichunguza swali hili kupitia kundi dogo la wafanyakazi ambalo wengi wetu hatulifahamu, yaani watu wanaotengeneza michezo ya kompyuta inayochezwa kwa kusikiliza tu.

Kwanza tuieleze michezo yenyewe. Katika mchezo wa sauti hakuna picha ya kutazama. Mchezaji huvaa vipokea sauti masikioni, akasikia adui anakaribia kutoka kushoto, mlango unafunguka kulia, maji yanatiririka mbali. Anaongozwa na masikio yake. Wachezaji wengi ni watu wasioona, ingawa wenye kuona nao wanaweza kucheza. Kampuni zimewahi kujaribu kazi hii: mwaka 1997 Kenji Eno na kampuni yake ya Warp walitoa nchini Japani mchezo wa Real Sound: Kaze no Regret kwa mashine ya Sega Saturn, mchezo usio na picha hata moja. Mwaka 2015 studio ya Dowino ya Ufaransa ilitoa A Blind Legend, ambao mchezaji wake ni shujaa asiyeona anayeongozwa na sauti ya binti yake. Lakini sehemu kubwa ya michezo hii haikutoka studio. Imetengenezwa na mtu mmoja mmoja, nyumbani, baada ya kazi yake ya mchana, na mara nyingi mtu huyo naye haoni.

Mtu huyo mmoja ndiye anayeandika programu, anayerekodi sauti, anayebuni hadithi, anayeuza na anayejibu barua za wateja. Na kazi yake haiishi siku anapouza. Michezo mingi ya mwanzoni mwa miaka ya 2000 iliandikwa kwa Visual Basic 6 na kutegemea faili za DirectX 8. Windows Vista ilipotoka, baadhi ya faili hizo hazikuwamo tena, na mchezo uliokuwa ukifanya kazi vizuri ukakataa kufunguka bila mwenyewe kubadilisha chochote. Mteja hamwandikii Microsoft. Anamwandikia yule mtu mmoja.

Hapo ndipo uchovu unapoingia. Sisemi uchovu wa jioni unaotibiwa na usingizi. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani liliueleza uchovu wa kazi wa kupindukia kuwa ni hali itokanayo na msongo wa muda mrefu kazini usiodhibitiwa, yenye dalili tatu: kuishiwa nguvu, kujitenga kiakili na kazi au kuichukia, na kupungua kwa uwezo wa kuifanya. Shirika halikuuita ugonjwa. Hata hivyo dalili ya pili inatuhusu sana, kwani mtu aliyefika hapo haoni tena barua ya mteja kama barua ya mtu. Anaiona kama jiwe.

Tuchukue mfano wa kubuni. Mtengenezaji mmoja ametangaza mchezo, na watu mia mbili wamemlipa kabla haujakamilika. Miaka mitatu imepita. Mchezo haujaisha, fedha zimetumika, na yeye hawezi tena kufungua kompyuta bila kifua kumbana. Anadaiwa nini?

Jibu la kwanza ni kwamba anadaiwa kila kitu. Immanuel Kant, katika kitabu chake cha mwaka 1785 kuhusu msingi wa maadili, alitoa mfano wa mtu anayekopa huku akijua hataweza kulipa. Alisema mtu huyo hawezi kutaka tabia yake iwe sheria ya wote, kwa kuwa ahadi zingepoteza maana na hakuna ambaye angemwamini mwenzake. Hoja hii ina uzito wa pekee katika michezo ya sauti. Mteja mwenye kuona akiudhiwa na mtengenezaji mmoja, ana maelfu ya michezo mingine. Mteja asiyeona ana michezo michache, na aliyoingojea miaka mitatu huenda ndiyo pekee ya aina yake. Kumwangusha yeye ni kumfungia mlango katika nyumba yenye milango michache.

Jibu la pili linasema aliyeishiwa hadaiwi, kwa sababu wajibu haupo pasipo uwezo. Hatumdai aliyevunjika mguu atembee. Na wateja wepesi wa kulaumu wakumbushwe kwamba mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi: kwa asiyeubeba, daima ni mwepesi. Tena Kant huyo huyo alisema tusiutendee ubinadamu kama chombo tu, uwe ndani ya mtu mwingine au ndani ya nafsi zetu wenyewe. Maneno haya ya mwisho husahauliwa mara nyingi. Anayejiua taratibu kwa ajili ya wateja amejifanya mwenyewe kuwa chombo.

Mtu anaweza kupinga hivi: aliyevunjika mguu hakuuvunja kwa hiari, lakini mtengenezaji alizipokea fedha kwa hiari. Kukopa harusi, kulipa matanga. Alifurahia harusi, basi asiyakimbie matanga. Pingamizi hili lina ukweli. Tunamjua fundi cherehani anayepokea vitambaa vingi kuliko mikono yake wiki mbili kabla ya Krismasi au Idi, kila mteja akiambiwa njoo Alhamisi. Alhamisi ikifika fundi amechoka kweli, macho mekundu, hajalala. Lakini uchovu wake haumfutii kosa, kwa sababu kosa halikutendeka Alhamisi. Lilitendeka siku alipopokea kitambaa cha arobaini huku akijua ana uwezo wa kushona ishirini.

Mfano wa fundi unatuonyesha kwamba swali letu lilikuwa limeulizwa mahali pasipofaa. Tulikuwa tunamhukumu mtu siku nguvu zilipokwisha, wakati maamuzi yenye uzito yalifanyika kabla ya hapo. Ila kuna tofauti: fundi anajua gauni moja linachukua saa ngapi. Anayetengeneza mchezo wa kwanza hajui, na wala hawezi kujua kwamba mwaka ujao Windows itabadilika. Kwa hiyo hatuwezi kumlaumu kwa kukadiria vibaya peke yake. Tunaweza kumlaumu kwa kuuza makadirio kana kwamba ni uhakika.

W. D. Ross, mwanafalsafa wa Uingereza, alieleza mwaka 1930 kwamba mtu ana wajibu wa aina nyingi kwa wakati mmoja, na mmoja ukizidiwa na mwingine haufutiki. Unaacha jambo la kulipia. Nikitumia fikra hiyo, naona deni la mtengenezaji wetu si moja. Ni madeni manne, na hayana uzito sawa.

La kwanza ni kazi yenyewe, yaani kuumaliza mchezo. Hili linaweza kuzidiwa na afya yake. La pili ni fedha. Kuishiwa nguvu hakufuti deni hili, bali kunaweza kulichelewesha. Atarudisha kilichobaki, na kingine kidogo kidogo. La tatu ni ufunguo. Michezo mingi hufungwa kwa namba ya siri inayotambua kompyuta moja. Mteja akinunua kompyuta nyingine, humwomba mwenye mchezo namba mpya. Mwenye mchezo akitoweka, mteja amelipia kitu asichoweza kukifungua. Deni hili halihitaji nguvu nyingi: kutoa toleo lisilo na kufuli ni kazi ndogo kuliko kutunza mchezo miaka kumi. La nne ni ukweli. Kusema, nimeshindwa, fedha zilitumika hivi, kilichobaki ni hiki.

Deni la nne ndilo nisiloona likizidiwa na uchovu. Hata masharti ya Kickstarter, jukwaa la Marekani la kuchangisha fedha, yanafuata mantiki hii: aliyeshindwa kukamilisha mradi anatakiwa kueleza kazi iliyofanyika, jinsi fedha zilivyotumika na kilichomzuia, na kurudisha fedha zilizobaki au kueleza zitakamilishaje mradi kwa namna nyingine. Kinachowaumiza wateja zaidi ni kimya, kwa kuwa anayengoja katika kimya hajui kama angoje, adai au asamehe.

Lakini lipo tatizo. Kama uchovu wenyewe humfanya mtu akwepe barua, tunawezaje kumdai ukweli siku ile ile anapokosa nguvu ya kuusema? Jibu langu ni kwamba ukweli huo uandaliwe mapema. Asiuze kabla mchezo haujachezeka. Aandike tangu mwanzo kwamba atautunza kwa miaka kadhaa, kisha ataufungua kwa wote. Amkabidhi mtu mmoja anayemwamini nakala ya msimbo na uwezo wa kuwaandikia wateja. Haya ni maamuzi ya mtu mwenye nguvu kwa niaba ya nafsi yake itakayochoka.

Tuna mfano jirani. NVDA, programu inayowasomea wasioona skrini ya kompyuta, ilianzishwa Australia mwaka 2006 na Michael Curran, kisha akaungana na James Teh. Wote wawili hawaoni. Waliitoa bure, msimbo wake ukawa wazi, na wakaunda shirika la kuisimamia. Programu hii bado inahitaji fedha na watu wa kuitunza, lakini haikubaki mzigo wa kichwa kimoja. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, mradi wapo wahunzi wengine karakanani.

Wateja nao wana wajibu. Aliyelipa ana haki ya mchezo, fedha au maelezo. Hana haki ya kumtukana mtu wala kumdai jibu usiku wa manane. Na aliyepewa bure hana haki ya kudai maboresho, ana haki ya kuyaomba. Tukichanganya ombi na dai, tunawachosha wachache waliojitolea, kisha tunashangaa kwa nini michezo haipo.

Kwa hiyo, aliyechoka bado anadaiwa? Ndiyo, lakini hadaiwi kile kile. Kazi inaweza kusamehewa, fedha zinaweza kusubiri, ufunguo utolewe, na ukweli usemwe. Methali ya wahenga inabaki na nguvu yake: ahadi ni deni. Tuongeze tu kwamba mdeni naye ni mtu, na mdai mwenye busara humwacha mdeni wake akiwa hai ili deni liweze kulipwa.