Harufu ya Nyama ni ya Nani?

Şiş kebap si pishi gumu. Unanunua paja la mwanakondoo, unalikata vipande vya sentimita tatu hivi, unakuna kitunguu na kukikamua, kisha maji yake unayachanganya na mafuta ya zeituni, kijiko cha rojo la pilipili nyekundu na bizari nyembamba. Nyama inalala humo usiku kucha. Chumvi husubiri hadi karibu na kuchoma. Vijiti viwe vya chuma na viwe bapa, maana kijiti cha mviringo ukikigeuza, nyama hubaki pale pale. Katikati ya vipande unatunga mafuta kidogo ya mkia wa kondoo. Mafuta hayo ndiyo utamu wote wa mshikaki huu, na ndiyo pia yanayonisumbua. Yakidondokea makaa, moshi wake haujui mpaka wa nyumba.

Ninasoma shahada ya uzamili Ankara. Nusu kilo ya nyama hiyo ni anasa ambayo mimi na mwenzangu ninayeishi naye huichangia mara moja kwa mwezi. Oktoba 2022 mfumuko rasmi wa bei Uturuki ulipita asilimia 85 kwa mwaka, na bei zilizopanda wakati ule hazikurudi chini. Mlango wa pili anaishi mama mstaafu, peke yake. Tunamwita teyze, neno la dada wa mama. Roshani yake na yetu zinatazamana. Tukiwasha makaa, anajua tunakula nini kabla sisi wenyewe hatujaonja. Je, ana haki yoyote katika nyama ile?

Waturuki wana msemo kwa jambo hili: göz hakkı. Göz ni jicho. Hak ni neno lile lile la Kiarabu ambalo kwetu limekuwa haki. Aliyekiona chakula chako, au akakinusa, ana fungu lake ndani yake, hasa akiwa mtoto au mjamzito. Fungu si lazima liwe kubwa, kionjo kinatosha. Lakini limeitwa haki, halikuitwa sadaka. Haki nyingine tunajua zilikotoka. Nina haki ya mshahara kwa sababu nimefanya kazi, ya urithi kwa sababu marehemu alikuwa mzazi wangu, ya bidhaa kwa sababu nimelipa. Teyze hakufanya kazi, hakulipa, wala si ndugu. Amevuta pumzi tu.

Kuna kisa ambacho Waturuki humpa Nasreddin Hoca na sisi humpa Abunuwasi. Maskini alikula mkate mkavu akiusindikiza kwa harufu ya mapishi ya mwingine. Mwenye chakula akamdai malipo. Mwamuzi akatoa sarafu, akazigonganisha, akasema: mlio wa fedha umelipa harufu ya chakula. Tunacheka, na tuna haki ya kucheka. Lakini tazama kesi yenyewe. Swali lililoamuliwa ni kama maskini anadaiwa. Hakuna aliyeuliza kama mwenye chakula anadaiwa. Yule maskini alishinda kesi, akarudi nyumbani na njaa yake.

Göz hakkı inauliza swali la upande wa pili. Jibu la kwanza linalokuja akilini ni la madhara: nimempandikizia mtu tamaa ambayo hakuiomba. Macho mtu anaweza kuyafumba, pua haifumbiki. Kwa hiyo kionjo ni fidia. Nililipenda jibu hili mpaka mwenzangu alipolifikisha mwisho wake. “Basi tuache makaa,” alisema. “Tuoke kwenye oveni, tufunge madirisha. Hakuna harufu, hakuna deni.”

Kwa hesabu ya fidia, yuko sahihi kabisa. Na hapo ndipo hesabu hiyo inapoanguka. Kama deni linazaliwa na harufu, basi anayekula nyama kila siku nyuma ya vioo ni mwadilifu kuliko mchomaji wa roshani anayegawa mishikaki miwili kati ya saba. Sidhani yupo anayeamini hivyo. Kufunga dirisha hakumpi teyze chochote. Kunaniondolea mimi habari zake tu. Kwa hiyo harufu haiwezi kuwa chanzo cha deni. Ni mjumbe. Inamwambia yeye kwamba mimi ninacho, na inanikumbusha mimi kwamba yeye yupo. Tuliokuwa tunapaswa kuwa tangu awali ni majirani.

Ukifika hapo unakutana na Peter Singer. Katika makala yake ya mwaka 1972 kuhusu njaa na utajiri, alisema umbali haubadilishi wajibu: mtoto anayezama kwenye dimbwi mbele yako na mtu anayekufa njaa nchi nyingine wana dai lile lile kwako. Kwake, göz hakkı ingeonekana upendeleo wa pua. Kwa nini teyze, ambaye pengine amekula, na si mtu mwenye njaa asiyenusa moshi wangu?

Hoja hiyo ni nzito na siwezi kuibeza. Nusu kilo haitoshi Ankara nzima. Lakini jamii ile ile iliyobuni haki ya jicho haikuishia machoni. Ina desturi ya askıda ekmek, mkate wa kutundikwa: unalipia mikate miwili dukani, unachukua mmoja, wa pili unabaki kwa mtu usiyemjua. Enzi za Waosmani kulikuwa na mawe ya sadaka, watu wakiweka sarafu na wahitaji wakichukua bila kuonana uso. Huko hakuna harufu wala jirani. Nadhani mtu hujifunza kwanza kwa aliye mlango wa pili, kisha ndipo anaweza kumlipia mkate asiyemwona. Anayezoea kufunga dirisha sioni atajifunzia wapi.

Limebaki suala la heshima. Kumpelekea mtu nyama ni kumwambia kwamba unamwona hana, na teyze ana fahari yake. Hapa ndipo neno haki linapofanya kazi ambayo sadaka haiwezi. Anayepokea haki yake hana sababu ya kuinamisha kichwa. Kisha sahani, kama ilivyo ada kwa watu wa Pwani yetu, hairudi tupu. Yake hurudi na jamu ya parachichi au majani ya mzabibu yaliyofungiwa wali, na sasa sisi ndio tulionusa chakula chake.

Mwenzangu bado anahesabu. Mishikaki miwili kati ya saba ni zaidi ya robo ya nyama tuliyojinyima mwezi mzima kuipata, naye husema wazi kwamba haki isiyo na kipimo inaweza kummaliza mwenye kidogo. Kipimo kweli sina. Ninachojua ni kwamba oveni ingetupa mishikaki saba kamili, na mimi ndiye ninayekataa kuiwasha.