Tiba ya Kifafa na Sitara ya Mgonjwa

Swali ninalokusudia kulijadili katika makala haya ni hili: je, ni haki mgonjwa asiye na bima alazimike kuitangaza siri ya maradhi yake ndipo apate dawa? Wengi wetu tutajibu upesi kwamba si haki. Lakini tukitazama kwa makini jinsi mambo yaendavyo hapa Kampala, tutaona kwamba wenye kifafa hutozwa bei hiyo kila siku, tena hutozwa na watu wema, watu wanaotoa michango na kuwaombea jirani zao dua.

Walimu wenzangu wa Kiswahili watakubali kwamba hata jina la maradhi haya ni zito. Katika neno kifafa tunasikia kufa, kana kwamba anayeanguka hufa kidogo kisha akarejea, na kila anaporejea huwa amepungukiwa na kitu machoni pa watu. Pwani, mtoto mwenye homa kali akikakamaa na kutetemeka husemwa kuwa ana degedege, na wazee walilihusisha jambo hilo na kiumbe arukaye usiku juu ya paa. Mama mjamzito aliyepandwa na shinikizo la damu hata akapoteza fahamu na kutetemeka, husemwa kuwa ana kifafa cha mimba. Hali hizi tatu ni mbali mbali, na matibabu yake hayafanani, ila hofu inayozizunguka ni moja. Waganda nao huyaita maradhi haya ensimbu, na mtoto wa Kampala hulijua neno hilo pamoja na hofu yake kabla hajafunzwa la Kiswahili darasani.

Kifafa ni maradhi ya ubongo. Chembe za ubongo huwasiliana kwa mikondo midogo sana ya umeme. Mikondo hiyo ikivurugika ghafla, mtu huanguka, au hutetemeka mkono mmoja tu, au hukodoa macho kwa muda mfupi kama aliyezama katika mawazo, na mwalimu asiyejua humwadhibu kwa uzembe. Katika nchi zetu sababu zake ni nyingi: mtoto kukosa hewa wakati wa kuzaliwa, malaria iliyopanda ubongoni, homa ya uti wa mgongo, minyoo ya tegu ya nguruwe, majeraha ya kichwa, ambayo kwa wingi wa ajali za bodaboda jijini hayahitaji maelezo. Kwa watu wengi sababu haijulikani hata baada ya uchunguzi. Linalojulikana bila shaka ni kwamba kifafa hakiambukizi. Povu la mgonjwa halina sumu, wala mate yake.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu wapatao milioni 50 ulimwenguni wana kifafa, na karibu asilimia 80 kati yao wanaishi katika nchi zenye kipato cha chini na cha kati. Shirika hilo lasema pia kwamba hadi asilimia 70 ya wagonjwa wangeweza kuishi bila kuanguka iwapo wangechunguzwa na kutibiwa ipasavyo. Dawa ya fenobabitali imetumika dhidi ya kifafa tangu mwaka 1912. Gharama yake yaweza kuwa ndogo kiasi cha dola tano za Marekani kwa mgonjwa mmoja kwa mwaka mzima, yaani chini ya shilingi 20,000 za Uganda kwa thamani ya fedha ya miaka hii, ingawa dukani bei huongezeka. Tena haihitaji hospitali kubwa. Huko Nakuru, Kenya, wataalamu waliwatibu watu 302 wenye kifafa kwa fenobabitali au kabamazepini, kwa kuwatumia wahudumu wa kawaida wa afya. Taarifa yao ilitolewa mwaka 1991, nayo ilionyesha kwamba zaidi ya nusu ya waliomaliza mwaka mzima wa matibabu hawakuanguka hata mara moja katika miezi sita ya mwisho.

Basi elimu ipo, na dawa ni rahisi. Hapa lugha yetu yafaa kusikilizwa. Rahisi maana yake ni kitu cha bei ndogo, na pia ni kitu kisicho na taabu. Dawa ya kifafa ni rahisi kwa maana ya kwanza, lakini si kwa ya pili. Vivyo hivyo neno bure. Katika miaka ya 1990 vituo vya afya vya serikali nchini Uganda vilitoza ada. Mwezi wa Machi 2001 Serikali ilizifuta ada hizo, isipokuwa katika wodi za kulipia za hospitali, na tangu hapo matibabu katika vituo vya umma ni ya bure. Lakini mama atokaye Bwaise akapanda gari, akapanga foleni tangu alfajiri, kisha akaambiwa kwamba dawa imekwisha, akanunue dukani, naye pia amekwenda bure. Sijui lugha nyingine iliyoieleza hali ya wagonjwa wetu kwa neno moja kwa ukamilifu kama huo.

Kuhusu bima, mambo ni mafupi. Bima za kibiashara zipo, lakini wanaozimudu ni sehemu ndogo ya wananchi, hasa walioajiriwa na makampuni na mashirika. Nazo bima za namna hiyo mara nyingi huweka mipaka juu ya maradhi ambayo mtu alikuwa nayo kabla ya kujiunga. Mwezi wa Machi 2021 Bunge liliupitisha Muswada wa Mpango wa Taifa wa Bima ya Afya, lakini haukutiwa saini ya Rais ukawa sheria. Mchuuzi, mpagazi wa sokoni, na mwalimu wa shule ya binafsi wanabaki na mifuko yao.

Je, mtu wa namna hiyo afanye nini? Kwanza aende kituo cha afya cha serikali kilicho karibu naye, aulize siku ya kliniki ambayo wagonjwa wa kifafa huhudumiwa. Akiwa ameandikiwa dawa ya kununua, aulize kama ipo ile ile inayouzwa kwa jina la kitaalamu badala ya jina la kampuni, kwa sababu huwa ya bei ndogo na kazi yake ni moja. Aweke daftari la siku alizoanguka. Daftari hilo humsaidia mganga kuliko maelezo marefu. Na asiiache dawa ghafla kwa kuwa amepata nafuu au amekosa fedha ya wiki moja, maana kuacha ghafla kwaweza kuleta mwanguko usiokatika, ambao huua. Yafaa pia kusemwa kwamba dawa ya bei ndogo kabisa haimfai kila mtu. Fenobabitali huwachosha baadhi ya watoto hata wakazubaa darasani, na valproati ni ya hatari kwa mtoto aliye tumboni, kwa hiyo mwanamke anayeweza kushika mimba hana budi kumwuliza mganga mapema.

Katika utaratibu wa Uganda kifafa hutibiwa pamoja na maradhi ya akili. Kwa hiyo mgonjwa wa Kampala mara nyingi huelekezwa kliniki ya akili ya Mulago, au Butabika, hospitali kuu ya taifa ya maradhi ya akili iliyo upande wa mashariki wa jiji, karibu na Luzira. Wauguzi wa huko wana ujuzi na dawa zake ni za umma. Lakini jina! Kama vile Mirembe kwa Watanzania na Mathari kwa Wakenya, Butabika kwa watu wa Kampala si jina la hospitali tu. Ni tusi la mitaani na mzaha wa watoto. Kijana mwenye akili timamu, ambaye ubongo wake hukorofika dakika mbili kwa mwezi, ataitafutaje dawa mahali ambapo kuonekana langoni tu ni kuhukumiwa? Wengine huona heri kununua vidonge vichache vichache dukani, bila ushauri, mpaka fedha ikatike. Hapo twaona kwamba dawa ya bure ina bei yake, nayo hulipwa kwa heshima.

Sasa nirudi kwenye mchango, ambao ndio bima yetu halisi. Mwafrika wa mjini hakuachwa peke yake. Akifiwa, watu hujaa uani; akioa, kamati huundwa na bahasha hupita; akihitaji kupasuliwa, kanisa au msikiti husimama naye. Sioni sababu ya kuudharau utaratibu huu. Umewaokoa watu wengi kuliko makampuni yote ya bima. Lakini mchango una tabia mbili. Hupenda jambo kubwa la ghafla, na hutaka kujua ni la nini. Kifafa hakiafiki hata moja kati ya hizo. Mahitaji yake ni madogo, ya kila mwezi, pengine ya maisha. Hakuna kamati inayoundwa kwa ajili ya vidonge vya mwezi wa 37. Tena ni maradhi ambayo jina lake likitajwa hadharani, laweza kumkosesha mtu kazi, mchumba, chumba cha kupanga, na hata sahani ya kulia pamoja na wenziwe.

Katika shule moja niliyowahi kufundisha alikuwako msichana wa kidato cha pili, ambaye mama yake alikuwa akiuza ndizi sokoni. Alianguka darasani mara mbili katika muhula mmoja. Uongozi wa shule ukaitisha mchango asubuhi, wanafunzi wote wakiwa mstarini, na jina lake na la ugonjwa wake vikatajwa. Walimu walitoa, wanafunzi walitoa hata sarafu za chakula cha mchana, na kwa siku moja ilipatikana fedha ya kutosha dawa ya zaidi ya mwaka. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya. Msichana hakurudi shuleni wiki iliyofuata, wala muhula uliofuata. Mama yake alikuja akaichukua fedha, akashukuru kwa magoti kama ilivyo desturi ya Waganda, akamhamisha.

Kisa hiki ndicho kinachonifanya nilishike neno sitara. Kumsitiri mtu ni kumfunika asiadhirike, kama nguo isitirivyo mwili na nyumba isitirivyo jamaa. Dini zetu zote mbili kubwa zinahimiza kutoa kwa siri, lakini mahubiri mengi ninayoyasikia juu ya jambo hili huhusu siri ya mtoaji: asijionyeshe, asijisifu. Siri ya mpokeaji hutajwa kwa uchache. Kwa mawazo yangu hiyo ndiyo kubwa zaidi, kwa kuwa mtoaji anayejionyesha hupoteza thawabu yake tu, ilhali mpokeaji anayeonyeshwa hupoteza nafasi yake miongoni mwa watu. Kumpa dawa kwa mkono mmoja na kumvua sitara kwa mkono wa pili ni kumfanyia biashara ambayo hakuiomba. Na hapa ndipo ninapoona tofauti ya kimaadili kati ya hisani na haki. Kodi, ikikusanywa na kutumiwa ipasavyo, ni mchango mkubwa kuliko yote, nao haumwulizi mgonjwa jina mbele ya mstari wa wanafunzi. Bima ya taifa nayo ingekuwa hivyo. Ubora wake si fedha peke yake. Ni kwamba mtu aonyesha kadi badala ya kueleza aibu yake.

Nitajibiwa, na jibu ni zito, kwamba siri ndiyo inayoilea hofu. Kila mwenye kifafa akijificha, watu wataendelea kuamini kwamba ni mashetani au uchawi, na hakuna atakayejua kwamba mhasibu wake au fundi wake ana maradhi hayo na anafanya kazi yake vyema. Naukubali ukweli huo, ila natazama lipi hutangulia. Huko Mahenge, Tanzania, miongoni mwa Wapogoro, daktari mzaliwa wa Norway, Louise Jilek-Aall, alianzisha kliniki ya kifafa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Aliwakuta wagonjwa wakila peke yao, wengine wakiwa na makovu ya moto kwa kuwa walioangukia mekoni waliogopwa kuguswa. Watu hawakuanza kwa kuhubiriwa waache hofu. Walianza kwa kuona wenzao waliomeza dawa wakiacha kuanguka, kisha wengine wakajitokeza. Dawa ilitangulia, ujasiri ukafuata. Kumtaka maskini awe shujaa wa kuelimisha taifa kabla hajapewa vidonge vyake ni kumdai kwanza yeye aliye na kidogo kuliko sote. Mwenye kutaka kujitangaza na ajitangaze, naye tumpongeze. Lakini uamuzi uwe wake.

Sisi walimu hatuwezi kutunga sheria ya bima. Darasani, hata hivyo, mambo fulani yamo mikononi mwetu. Mtoto akianguka, tumwondolee vitu vya kumwumiza, tumlaze ubavu, tumwekee kitu laini chini ya kichwa, tusimtie kijiko wala kidole kinywani, na tuangalie saa. Dakika tano zikipita bila kutulia, apelekwe hospitali mara moja. Wenzake wasikimbizwe nje kama kwamba nyumba inaungua. Akiamka, apewe shuka ajifunike, maana huenda amejikojolea, na somo liendelee.

Baadhi ya shule zina mfuko mdogo wa dharura ambao wazazi wote huchangia mwanzoni mwa muhula, kiasi kile kile kwa kila mtoto, bila kujua utamfaa nani. Mfuko wa namna hiyo hauwezi kulipia kila kitu, lakini waweza kulipa nauli ya kwenda kliniki mara moja kwa mwezi, ambayo kwa familia nyingi ndiyo hasa inayokatisha matibabu. Mwalimu mmoja tu anayeaminiwa na mtoto hujua safari hiyo ni ya kwenda wapi. Katika daftari la mhasibu huandikwa tarehe, kiasi, na neno moja: nauli.