Mbio za Miraa na Deni la Walio Mbali

Laare kila kitu kina saa. Miraa ikishachumwa inafungwa, inafunikwa majani ya mgomba isikauke, na dere anawasha gari. Kathinoni, kemikali inayoleta stimu, hupungua jani likinyauka. Siku mbili hivi zikipita, mzigo hauna bei. Ndiyo maana gari hizo hushuka Meru kwenda Nairobi kama risasi.

Zikimgonga mtu njiani, deni ni la nani? Tumezoea kumtupia dere, tukasonga.

Wanafizikia wana jina la mwendo wa aina hii: balistiki. Sukari usiyoikoroga kwenye chai husambaa kwa kugongwa huku na kule. Ili ifike mbali mara mbili, ngoja muda mara nne. Kwa mwendo wa balistiki, muda mara mbili ni umbali mara mbili. Mwaka 2006, Kinoshita, Wenger na Weiss huko Marekani walipanga atomi za rubidi kwenye mistari myembamba. Ziligongana maelfu ya mara na hazikusahau mwendo wake wa mwanzo. Baadaye wananadharia walionyesha kwamba katika mifumo kama hiyo, mwendo wenyewe unaweza kuunganisha sehemu zilizo mbalimbali: huku kukiyumba, kule nako kunayumba, hata kama mwanzoni hazikuhusiana.

Laare inalijua hilo bila hesabu. Juni 2014 Uingereza ilipiga miraa marufuku. Machi 2020 Somalia ilifunga njia, ikaifungua Julai 2022. Maamuzi ya London na Mogadishu yaliingia hadi jikoni kwa mkulima wa Igembe.

Lakini kuunganishwa si hatia. Anayetafuna Eastleigh hajamuua mtu, na mkulima hakumwambia dere apite kwenye kona. Tukisema wote wana hatia, tumesema hakuna mwenye hatia.

Mimi naona uhusiano unageuka deni pale penye uwezo. Uliza: nani anaweza kulegeza saa? Dere anaweza kukanyaga breki, kwa hiyo ana deni. Ila kama akichelewa anakatwa pesa, basi aliyeweka makato hayo ana deni kubwa zaidi, kwa sababu ameuza hatari ya barabarani kwa bei yake mwenyewe, na mpita njia hakuulizwa.

Hapo ndipo mfano wa atomi unakoma. Atomi haiwezi kukataa kasi iliyopewa. Sisi tunaweza kupanga gari litoke mapema, kugawana hasara ya mzigo uliochelewa, kumlipa dere kwa kufika salama.

Na wewe uliyeagiza chakula kije na boda sasa hivi, ukamnyima nyota kijana aliyechelewa dakika tano? Barabara ni nyingine. Saa aliyoikimbiza uliishika wewe.