Mali ya Jemadari

Msomaji, ukipita Karen, magharibi ya Nairobi, nyumba huzioni. Waona ua wa michongoma, lango la chuma, na mlinzi. Ni nani akaaye ndani? Jirani hajui, na adabu ya mtaa yamkataza kuuliza. Je, adabu hiyo yafaa hata pale ambapo nyumba imenunuliwa kwa mali ya vita?

Tazama Sudan Kusini. Vita vilivyoanza Juba mwezi wa Desemba 2013 viliua watu maelfu kwa maelfu, na wengine wakakimbilia Kakuma. Machi 2015 Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa liliamua kuwazuilia mali na safari wale wanaoizuia amani. Julai ya mwaka ule majemadari 6 wakaandikwa, 3 wa kila upande. Na Julai 2018 wakaongezwa Paul Malong, aliyekuwa mkuu wa majeshi, na Malek Reuben Riak. Shirika liitwalo The Sentry lilikuwa limekwisha kueleza, Septemba 2016, kwamba zaidi ya dola milioni 3 zilipita katika akaunti ya huyo Malek, ambaye mshahara wake haukufika dola 40,000 kwa mwaka. Taarifa ileile ilisema kuwa familia za Rais Salva Kiir na hasimu wake Riek Machar, ambao hawakuandikwa na Baraza, zilikuwa na makazi Lavington. Waume walikuwa maadui Juba, na jamaa zao walikuwa majirani Nairobi!

Kwa nini aguswe jemadari peke yake? Kwa sababu njia nyingine tumekwisha kuijaribu. Julai 1996 Pierre Buyoya alitwaa serikali ya Burundi kwa nguvu za jeshi, na nchi jirani, Kenya ikiwa mojawapo, zikakata biashara nayo mpaka Januari 1999. Mbolea na mafuta vikawa adimu. Mkulima, ambaye hakuipindua serikali yoyote, ndiye aliyeumia. Na wenye urafiki na wakubwa wakanufaika kwa magendo.

Wako wasemao kwamba si haki kuzuia mali ya mtu asiyehukumiwa na mahakama. Kuzuia si kunyang'anya: nyumba hubaki yake, ila haiuziki. Walakini hoja hiyo ina nguvu mahali pamoja. Aliyeandikwa hana hakimu wa kumsikiliza. Hana budi kuwaomba walewale waliomwandika. Hilo ni kosa, na linapasa kurekebishwa.

Hoja iliyo nzito zaidi ni ya wapatanishi. Mkataba wa amani ya Sudan ulitiwa sahihi Nairobi Januari 2005, na mazungumzo ya Tumaini kwa ajili ya Sudan Kusini yakafunguliwa hapa hapa Mei 2024. Nani atakuja kupatana katika mji unaomfungia mali yake? Nami nakiri kwamba mpatanishi hana budi kumpa adui wa amani kiti, kitanda na usalama wa njiani. Lakini ardhi si sehemu ya ukarimu. Wahenga walitaka mgeni apewe jembe siku ya tatu. Sisi tumempa hati ya kiwanja. Tena, mtu ambaye watoto wake wako shuleni salama na akiba yake i salama benki, ana haraka gani ya kumaliza vita?

Basi orodha iliyoandikwa New York haifungi lango hata moja la Karen. Wawezao kulifunga ni wakili, dalali na karani wa benki. Nao hawaletewi jina la jemadari. Huletewa jina la mke, la shemeji, au la kampuni iliyosajiliwa juzi. Hata hivyo karani aonaye mamilioni kando ya mshahara mdogo hahitaji elimu kubwa ili ashtuke. Akiuliza, huenda akampoteza mteja, pengine na kazi pia. Asipouliza, hakuna atakayemlaumu. Maana wafiwa wako Malakal na Bentiu, wala hawalijui jina lake.