Joho la Viraka

Ubudha unafundisha kwamba kila kitu hupita, na kwamba mateso ya binadamu hutokana na kung'ang'ania kisichodumu. Lakini huko Japani, ambako mafundisho hayo yana zaidi ya miaka 1,000, nguo ya pamba ilitunzwa kwa bidii inayofanana sana na kung'ang'ania: ilifuliwa, ikafumuliwa, ikatiwa kiraka juu ya kiraka, mjukuu akarithi alichovaa bibi. Je, utunzaji huo ulilipinga fundisho, au ulizaliwa nalo?

Dōgen (1200–1253), mwasisi wa madhehebu ya Sōtō ya Zen nchini Japani, aliligusa swali hili alipoandika juu ya kesa, yaani joho la mtawa. Kwa asili joho hilo huungwa kwa vitambaa vilivyotupwa, na mishono yake hufuata mpangilio wa majaruba ya mpunga. Dōgen anasimulia kwamba alipokuwa masomoni China alimwona mtawa aliyeketi kando yake akiliweka joho kichwani kila alfajiri, akiunganisha viganja na kusoma dua kabla ya kulivaa. Machozi yalimtoka. Hata hivyo, aliwakemea waliobishana kama joho liwe la hariri au la pamba: kitambaa kikishaokotwa jalalani si hariri wala pamba tena, ni kitambara tu. Joho la vipande vilivyokatwakatwa halina bei sokoni, kwa hiyo anayeliheshimu haabudu mali.

Kwa wakulima mambo yalikuwa mengine. Pamba haisitawi katika baridi ya kaskazini, na huko Tsugaru watawala waliwakataza wakulima kuivaa. Walibaki na kitambaa chepesi cha nyuzi za mbangi, ambacho wanawake walikijaza mishono ya uzi wa pamba ili upepo usipite. Kwingineko kaskazini, matambara ya pamba yaliyoletwa kwa meli kutoka kusini yaliungwa yakawa nguo na matandiko yaitwayo boro. Hiyo haikuwa ibada. Ilikuwa baridi na ufukara, na wengi waliyaonea aibu. Yanagi Sōetsu, aliyefungua jumba la makumbusho ya sanaa za watu wa kawaida mjini Tokyo mwaka 1936, alifundisha kwamba uzuri huchipuka pale fundi anapojisahau. Fikra hiyo ina uzito, ila humwia rahisi zaidi anayekitazama kiraka ukutani kuliko aliyelala chini yake.

Jibu lenye nguvu zaidi limo katika ufuaji wenyewe. Kitambaa cha kimono ni chembamba, upana wake kama sentimita 36, na hukatwa kwa mistari iliyonyooka, bila kupunguzwa kufuata mwili. Zamani, wakati wa kuifua nguo kikamilifu, mishono ilifumuliwa yote, vipande vikafuliwa, vikatiwa gundi ya mwani, vikatandazwa juu ya mbao hadi vikauke, kisha vikashonwa upya. Sehemu iliyochakaa ilihamishiwa mahali pasipoonekana. Nguo haikuwa na umbo la kudumu: ilitunzwa kwa kuvunjwa. Mafundisho ya Kibudha kwamba hakuna kitu chenye nafsi isiyobadilika hayapati mfano ulio wazi kuliko huo. Rangi ya nili nayo hukaa zaidi juu ya uzi na hutoka kwa msuguano, ndiyo maana nguo hufuliwa kwa mkono, peke yake, kwa maji baridi na sabuni isiyo kali, kisha huanikwa kivulini ikiwa imegeuzwa nje ndani. Kufifia hakuzuiwi, hucheleweshwa tu.

Kimono isiyovalika tena ilikatwa nepi, na nepi ikaishia kuwa tambara la kufutia sakafu. Hata sindano ina siku yake: tarehe 8 Februari, katika hekalu la Sensō-ji mjini Tokyo, zilizovunjika huchomekwa kwenye tofu laini na kuombewa. Hakuna anayefaidika na sindano iliyovunjika, kwa hiyo tendo hilo ni vigumu kuliita uchoyo. Wanaofika ni washonaji wa kimono na, siku hizi, wanafunzi wa vyuo vya mitindo.