Kuacha dawa ya moyo si tawakkul

Mzee wetu mmoja hapa Mlali alipatwa na mshituko wa moyo. Akapelekwa Dar es Salaam, Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, mshipa ukazibuliwa na kuwekewa kichuma cha kuuweka wazi. Alhamdulillah.

Ramadhani ilipoingia, akaacha vidonge. "Ustadhi, nimeshapona, namtegemea Allah," akaniambia.

Ndugu Waislamu, hiyo si tawakkul. Mtume (S.A.W.) alimwelekeza mtu mmoja amfunge ngamia kwanza, kisha ategemee. Damu huweza kuganda kwenye kile kichuma, na vidonge ndivyo vinavyozuia, aghalabu kwa mwaka mzima au zaidi. Kuviacha bila ya ruhusa ya daktari ni kujitia katika maangamizi, jambo lililokatazwa (2:195). Mgonjwa ameruhusiwa kula, akalipa siku nyingine (2:185). Yupo anayeweza kufunga kwa kupangiwa dawa futari na daku. Hilo aulizwe daktari, si jirani.

Nasi majirani tujihisabu. Nauli ya kliniki na bei ya dawa ni mzigo kwa mkulima wa mbogamboga. Mtu akifa, sanda tunaichangia siku hiyo hiyo. Kwa nini tusimchangie vidonge angali hai?

Wallahu a'lam.