Nani Achague Kitabu?

Mtoto aingiapo maktaba pamoja na mzazi wake, yampasa nani kuchagua kitabu? Swali hili, ewe kijana msomaji, laonekana dogo. Lakini kiini chake ni uhuru, na uhuru si jambo dogo.

Jumamosi moja nilitoka na wanangu mtaani Mbotela tukaenda maktaba ya Makadara. Nia yangu ilikuwa vitabu vya mtihani tu. Binti yangu akapotea kati ya rafu, kisha akarudi na kitabu kidogo kilichochakaa: Uhuru wa Watumwa cha James Mbotela, kilichotolewa mara ya kwanza mwaka 1934. Akauliza, "Mama, huyu ndiye mwenye mtaa wetu?"

Nilikaribia kumwamuru akirudishe. Badala yake nilimweleza kwamba mtaa wetu ulipewa jina la Tom Mbotela, mwanasiasa aliyeuawa mwaka 1952, na kwamba mwandishi huyo alikuwa baba yake. Nimekaa mtaani humo miaka mingi nisiwaambie wanangu habari hiyo. Kitabu nisichokichagua ndicho kilichonikumbusha wajibu wangu.

Huenda utasema kwamba mtoto akiachiwa ataokota makapi. Ni kweli, na mzazi anayo haki ya kuonya. Lakini kuonya si kufunga mlango. Amchaguliaye mwanawe kila kitabu humzuia asivuke mipaka ya ujinga wa mzazi. Wazee wetu walifungiwa mlango hasa: maktaba ya McMillan, iliyofunguliwa Nairobi mwaka 1931, ilikuwa ya Wazungu peke yao, na Mwafrika hakuruhusiwa kuingia mpaka ukoloni ulipokaribia kwisha. Aliyefungiwa na mtawala ana udhuru. Je, mzazi amfungiaye mwanawe ana udhuru gani?

Hata hivyo, uhuru una deni lake. Kusoma si kukubali. Binti yangu aliona kwamba kitabu kile chawasifu mno Waingereza waliowakomboa watumwa, akauliza kwa nini wakombozi hao hao walikuja kututawala. Sikumtuma kuuliza hayo. Achaguaye mwenyewe hupima mwenyewe.

Basi, uendapo maktaba, chukua vitabu viwili: kimoja ulichotumwa, na kimoja ulichokiona mwenyewe. Visome, vipime, kisha uvirudishe kwa siku yake vikiwa safi. Kwani yuko mtoto mwingine atakayekuja kwenye rafu ile ile, naye hajui bado anatafuta nini.